Jibu la mtaalamu: Kwa nini limfoma za njia ya chakula hupangwa kwa asili ya seli?

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu kaka yake mkubwa, aliyefanyiwa endoskopia (uchunguzi wa ndani ya tumbo kwa mrija wenye kamera) baada ya kusumbuliwa na maumivu ya tumbo kwa muda mrefu. Ripoti ya kwanza ya maabara ilisema tu kwamba ana "limfoma ya tumbo", na familia ikaanza kujiandaa kwa tibakemikali. Baadaye vipande vilevile vya nyama vilisomwa na mwanapatholojia mwingine, yaani daktari anayechunguza vipande vya mwili kwa hadubini, ambaye aliandika "limfoma ya seli B ya ukanda wa pembezoni, aina ya MALT" (MALT ni kifupi cha Kiingereza cha tishu ya limfu ya utando telezi), na daktari akaagiza antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, pasipo kitu kingine. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwenye limfoma ya utumbo, anapewa dawa nzito za mishipa. Msomaji anauliza: "Seli gani hiyo wanayoitafuta hadi inageuza matibabu yote? Je, inawezekana saratani itibiwe kwa antibiotiki? Na huku kusubiri si hatari?"

Ndugu msomaji, nakupa pole kwa ugonjwa wa kaka yako, na nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu limegusa jambo ambalo hata katika hospitali kubwa hupitiwa haraka mno. Neno "limfoma" peke yake halitaji ugonjwa mmoja. Linataja kundi la magonjwa mengi ambayo yote hutokana na limfosaiti, yaani chembechembe nyeupe za kinga, lakini ambayo hutofautiana kwa mwendo, kwa hatari na kwa dawa kadiri zile limfosaiti zenyewe zinavyotofautiana. Kusema kwamba mtu ana limfoma ya tumbo ni kueleza mahali ugonjwa ulipo. Kusema ni seli gani iliyoharibika ni kueleza ugonjwa wenyewe, na kwa maoni yangu ripoti isiyofika hapo ni ripoti ambayo haijakamilika, hata ikiwa na sahihi na muhuri.

Nje ya tezi za limfu, njia ya chakula ndiyo mahali ambapo limfoma huanzia mara nyingi zaidi kuliko kwingine kokote mwilini. Tumbo huongoza, kisha hufuata utumbo mwembamba, hasa ile sehemu unapoungana na utumbo mpana. Hili halishangazi, kwa kuwa utumbo hukutana kila siku na chakula, bakteria na vitu vigeni vya kila namna, hivyo mwili umeweka humo jeshi kubwa la limfosaiti. Baadhi hukaa katika makundi yenye mpangilio ndani ya ukuta wa utumbo, na nyingine hutawanyika mojamoja katikati ya seli za utando wa juu. Mpangilio huo ukumbuke, kwa sababu tutauhitaji tena tutakapofika kwenye seli T.

Limfosaiti zimegawanyika katika koo kuu tatu. Seli B hutengeneza kingamwili, seli T huongoza mapambano au kuua seli zilizoambukizwa, na seli NK huua bila kuhitaji mafunzo marefu. Sehemu kubwa ya limfoma za njia ya chakula hutoka kwenye seli B. Hata hivyo, kujua ukoo hakutoshi, kwa sababu seli B hupitia hatua nyingi za kukomaa, na saratani inaweza kuishika katika hatua yoyote kati ya hizo.

Seli B huzaliwa katika uboho wa mifupa, ambako hukata na kuunganisha upya vipande vya jeni zake ili kupata kipokezi chake cha pekee, yaani protini ya kumtambulia adui. Kisha hutoka ikiwa changa na kwenda kwenye makundi ya limfosaiti yanayoitwa folikuli, ambako seli changa kama hizo hujipanga katika mzunguko wa nje uitwao ukanda wa manteli. Ikikutana na adui inayemtambua, huingia katika kitovu cha folikuli. Humo hugawanyika kwa kasi kubwa mno na kubadilisha jeni za kipokezi chake kwa makusudi, ili kingamwili yake imshike adui kwa nguvu zaidi. Zile zinazofaulu hutoka zikiwa seli za kumbukumbu, ambazo nyingi hukaa katika ukanda wa pembezoni, au huwa seli za plazma ambazo kazi yake ni kumwaga kingamwili. Katika safari hiyo mna hatari mbili zilizo wazi, nazo ni ukataji wa jeni kule kwenye uboho na ubadilishaji wa jeni ndani ya kitovu cha folikuli. Makosa mengi yanayozaa limfoma hutokea katika moja ya vituo hivyo viwili, kipande cha kromosomu moja kinapobandikwa kimakosa kwenye kromosomu nyingine.

Kwa hiyo mwanapatholojia anaposema "asili ya seli", kwa kweli anataja hatua ya ukomavu ambayo seli za uvimbe zinafanana nayo. Si lazima iwe mahali ambapo kosa la kwanza lilitokea. Limfoma ya folikuli inaonyesha jambo hili vizuri. Kosa lake la msingi, yaani kubadilishana vipande kati ya kromosomu ya 14 na ya 18, hutokea seli ikiwa bado katika uboho, lakini uvimbe unaotokea baadaye una sura na tabia ya seli za kitovu cha folikuli. Tena seli chache zenye kosa hilohilo hupatikana katika damu ya watu wazima wengi wenye afya ambao hawataugua kamwe. Mgonjwa anapoulizia chanzo, ni haki yake kuelezwa tofauti hii.

Sasa nirudi kwa kaka yako. Tumbo lenye afya halina folikuli za limfu. Huzipata pale linapoambukizwa bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Maambukizi yakidumu kwa miaka, mwili hujenga ndani ya ukuta wa tumbo tishu ya limfu ambayo haikuwapo, na ndani ya tishu hiyo baadhi ya seli B za ukanda wa pembezoni huanza kuongezeka kupita kiasi. Mwaka 1983 wanapatholojia Peter Isaacson na Dennis Wright walieleza kwamba limfoma hizi za tumbo zinafanana zaidi na tishu ya kinga ya utando telezi kuliko tezi za kawaida za limfu, na hapo ndipo wazo la MALT lilipoanzia. Mwaka 1993 timu ambayo Isaacson alikuwamo ikaonyesha kwamba wagonjwa walioondolewa bakteria huyo kwa antibiotiki waliona uvimbe wao ukirudi nyuma. Wakati huo lilikuwa jambo gumu kuaminika, na mpaka leo naliona kuwa miongoni mwa ugunduzi mkubwa kabisa wa tiba ya saratani.

Sababu yake imo katika asili ya seli. Seli B hizi zikiwa bado katika hatua za mwanzo za ugonjwa hazijaacha kabisa desturi ya kusubiri amri. Huhitaji msukumo wa seli T zinazomtambua bakteria, na bakteria akiondolewa, seli T hunyamaza na seli B hukosa kichocheo cha kugawanyika. Takriban robo tatu ya wagonjwa wenye limfoma ya MALT ambayo haijatoka nje ya tumbo hupona kwa njia hii. Waliobaki, wengi wao wana kosa la kromosomu ya 11 na ya 18 ambalo huunganisha jeni mbili na kutengeneza protini inayowasha njia ya ukuaji ndani ya seli kila wakati. Seli ya namna hiyo haisubiri tena amri ya mtu, na kumwondoa bakteria hakuigusi. Kwa wagonjwa hao mionzi ya kiasi kidogo kwenye tumbo hufanya kazi nzuri sana, na wengine hupewa dawa zinazolenga seli B.

Umeuliza pia jinsi wanavyoitambua seli. Hadubini peke yake haitoshi, kwa sababu limfosaiti ndogo ya ukoo mmoja hufanana mno na ya ukoo mwingine. Maabara hutumia kingamwili zilizotiwa rangi ambazo hushika protini maalumu za seli, na protini hizo zimepewa namba zinazotanguliwa na herufi CD. CD20 huashiria seli B na CD3 huashiria seli T, nazo ndizo mbili za kuanzia. Baada ya hapo kila swali huzaa swali jingine. Limfosaiti ndogo za B zenye CD5 na protini ya saiklini D1 ni za limfoma ya manteli. Zenye CD10 na protini ya BCL6 zimetoka katika kitovu cha folikuli. Zisizokuwa na CD5, CD10 wala saiklini D1, lakini zikawa zimevamia na kubomoa vijitezi vya utando wa tumbo, ndizo za MALT. Utaona kwamba MALT haina alama moja inayoitangaza yenyewe. Hufikiwa kwa kuondoa nyingine, na ndiyo maana vipande vilevile vilivyosomwa kwa rangi mbili tu vilitoa jina pungufu, na vilivyosomwa kwa rangi saba au nane vikatoa jina kamili. Simlaumu mwanapatholojia wa kwanza kabla ya kujua alikuwa na vifaa gani.

Tofauti kati ya majina hayo ina uzito mkubwa kwa mgonjwa. Limfoma ya manteli hupenda kuenea katika utumbo kama vinundu vingi vidogo, kwa kawaida imekwisha kufika kwenye uboho na tezi, na haiponi kwa antibiotiki hata mgonjwa akiwa na bakteria tumboni. Limfoma ya folikuli ya aina ya duodeni, kwa upande mwingine, huonekana kama punje nyeupe katika sehemu ya pili ya mwanzo wa utumbo mwembamba, mara nyingi ikigunduliwa kwa bahati wakati daktari anatafuta kitu kingine, na wengi wa wagonjwa wake huangaliwa tu bila kupewa dawa. Zote mbili ni za seli B ndogo, zote ziko katika utumbo, na zote zingeweza kuandikwa "limfoma ya utumbo" na mtu mwenye haraka.

Seli B kubwa ni habari nyingine. Limfoma ya seli B kubwa zilizosambaa ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi katika njia ya chakula, ikianza yenyewe au ikitokana na MALT iliyobadilika kuwa kali. Kwa hii daktari huanza matibabu bila kuchelewa, kwa mchanganyiko wa tibakemikali na rituximab, kingamwili inayoshika CD20, na wengi hupona. Upasuaji wa kuondoa tumbo zima, uliokuwa kawaida zamani, sasa umebaki kwa matatizo kama kutoboka au kutoka damu isiyozuilika. Hata ndani ya aina hii asili ya seli huulizwa tena. Mwaka 2000 watafiti wa jeni walionyesha kwamba seli hizi kubwa zina makundi mawili makuu, moja linalofanana na seli za kitovu cha folikuli na jingine linalofanana na seli zilizochochewa ambazo zinaelekea kuwa seli za plazma, na kwamba kundi la pili lilikuwa na matokeo mabaya zaidi. Tangu mwaka 2004 maabara nyingi hukadiria mgawanyo huo kwa rangi za protini tatu, CD10, BCL6 na MUM1. CD10 ikiwapo, seli huhesabiwa kuwa ya kitovu. CD10 na BCL6 zikikosekana zote, si ya kitovu. BCL6 ikiwapo bila CD10, MUM1 ndiyo huamua. Ni kipimo cha bei nafuu chenye makosa yake, na mimi hukichukulia kuwa ni dokezo, si hukumu.

Limfoma ya Burkitt nayo hutoka katika kitovu cha folikuli, lakini kasi yake haifanani na ya nyingine. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda wakiwa na uvimbe wa taya, na mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huo. Katika njia ya chakula huipenda sehemu utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, na mtoto anaweza kuletwa kwa sababu utumbo umeziba au umejiingiza ndani ya utumbo. Jeni ya MYC, inayosukuma ukuaji, huwa imehamishiwa karibu na jeni za kingamwili ambazo katika seli B hazizimwi kamwe, kwa hiyo karibu kila seli ya uvimbe huwa inagawanyika. Hapa siku chache zina maana. Iwapo mgonjwa wa kitanda cha jirani ana aina hii au ile ya seli kubwa, usishangae kuona anapewa dawa nzito na kaka yako hapewi.

Mwishoni mwa safari ya seli B ipo limfoma ya plazmablasti, ambayo huwapata zaidi watu wenye VVU au kinga iliyodhoofika, hasa mdomoni. Seli zake zimekomaa kiasi cha kupoteza CD20, hivyo mwanapatholojia anayetegemea rangi hiyo peke yake anaweza kudhani kwamba si limfoma kabisa, na rituximab haina mahali pa kushika.

Nije kwenye seli T, ambazo ni chache katika njia ya chakula lakini ndizo zilizotupotosha kwa muda mrefu zaidi. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu walipanga limfoma kwa sura tu, na seli kubwa ziliitwa histiosaiti, yaani seli mlaji za tishu. Baadaye ikathibitika kwamba nyingi zilikuwa limfosaiti zilizochochewa. Kosa hilo liliufikia utumbo pia. Mwaka 1978 Isaacson na Wright walieleza uvimbe mkali wa utumbo mwembamba kwa watu wenye ugonjwa wa siliaki, wakauita wa histiosaiti, lakini mwaka 1985 Isaacson na wenzake wenyewe wakaonyesha kwamba ulitoka kwenye seli T. Ninalitaja kwa heshima, kwa sababu ni wachache wanaosahihisha jina walilolitoa wenyewe, na kwa sababu sahihisho hilo lilifungua njia ya kuelewa chanzo. Ugonjwa wa siliaki ni mwitikio wa kinga dhidi ya gluteni ya ngano, na seli zinazochochewa ni zile seli T zilizotawanyika katikati ya utando wa utumbo nilizozitaja mwanzoni. Zikichochewa kwa miaka mingi, baadhi yake hupata makosa ya jeni na kuwa limfoma ambayo hutoboa utumbo na kumdhoofisha mgonjwa haraka.

Ipo aina nyingine ya seli T za utando wa utumbo, yenye seli za ukubwa wa kati zinazofanana zenyewe kwa zenyewe, zikiwa na CD8 na CD56, ambayo haina uhusiano na siliaki. Zamani ilihesabiwa kuwa aina ya pili ya ile ya siliaki, na mpangilio wa Shirika la Afya Duniani uliorekebishwa katikati ya miaka ya 2010 ukaitenga na kuipa jina lake. Zote mbili ni kali. Lakini kuna limfoma ya seli T ya utumbo iendayo polepole, ambayo mgonjwa huishi nayo miaka mingi akiwa na kuhara na maumivu, na ambayo tibakemikali kali haiifai kitu bali humdhuru aliyenayo. Kwa hiyo anayeandika "limfoma ya seli T ya utumbo" na kuishia hapo anamwacha daktari wa saratani katika giza, pengine kwa gharama ya mgonjwa. Tofauti huonekana katika kasi ya kugawanyika, inayopimwa kwa rangi ya Ki-67, na katika kuangalia kama seli zinavamia kwa kina au zinakaa juujuu katika utando. Seli NK nazo zina aina kali inayohusiana na virusi vya Epstein-Barr na aina pole isiyohusiana navyo, na tahadhari ni ileile.

Kuhusu kusubiri, ambalo naliona ndilo lililokukosesha usingizi: ikiwa MALT imethibitishwa, haijatoka nje ya tumbo, na hakuna seli kubwa zilizojikusanya ndani ya vipande, kusubiri kwa kaka yako ndiko matibabu yenyewe yanayoendelea. Wiki kadhaa baada ya kumaliza antibiotiki atapimwa kwa pumzi au kwa choo kuona kama bakteria ameondoka, na akiwa bado yupo atapewa mchanganyiko mwingine wa dawa. Kisha endoskopia zitarudiwa kila baada ya miezi michache, na vipande vitachukuliwa sehemu mbalimbali. Uvimbe huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi kuondoka kabisa katika hadubini, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri mapema, na ripoti ya mwezi wa tatu inayosema "mabaki yapo" si dalili ya kushindwa. Hata akipona asiache kufuatiliwa, kwa kuwa tumbo lililoathiriwa na bakteria huyo kwa miaka hubaki na hatari iliyoongezeka ya saratani ya kawaida ya tumbo.

Katika ziara ijayo muulizeni daktari mambo matatu. Je, Helicobacter pylori alithibitishwa, na kwa kipimo gani? Je, vipande vilichunguzwa kama kuna seli kubwa? Na je, kipimo cha kosa la kromosomu ya 11 na ya 18 kinapatikana? Jibu la swali la tatu likiwa kwamba kosa lipo, antibiotiki bado hutolewa kumwondoa bakteria, ila daktari ataandaa mionzi mapema badala ya kungoja mwaka uishe. Ombeni pia mabonge ya nta yenye vipande yahifadhiwe na maabara na yasitupwe, kwa sababu kila jina jipya litakalohitajika baadaye litatoka humo. Na kama kaka yako ataanza kupungua uzito, kutapika damu, kupata choo cheusi, au kuwa na homa na jasho jingi usiku, msingoje tarehe ya endoskopia inayofuata: mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dalili hizo zinaweza kumaanisha kwamba seli ndogo zimeanza kugeuka kuwa kubwa.